NENO LA MWEZI: Tunawasifu Wazee Wetu, Lakini Nani Atazibua Mfereji?

Somo: Nehemia sura ya 3



 

Kwa mwezi huu nilikuwa nimeandaa somo lingine, lenye kichwa "Ushujaa wa Wazee Wetu Wakati wa Vita". Lilikuwa somo refu na nililipenda sana. Nimelichana. Nitawaeleza kwa nini, na naomba mnisikilize kwa uvumilivu, kwa sababu habari yenyewe inanihusu mimi mchungaji wenu.

Yaliyonipata

Kama mnavyojua, Jumamosi ya mwisho ya mwezi katika nchi hii ni siku ya umuganda. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, kila mtu mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, anatoka kufanya kazi ya pamoja. Jumamosi hiyo kazi yetu ilikuwa kuzibua ule mfereji unaopita kati ya nyumba zetu, kabla mvua hazijakaza. Kila nyumba ilipewa sehemu iliyo mbele ya mlango wake. Sehemu yangu ilikuwa kama hatua kumi na mbili tu.

Nilimtuma mtoto wangu, nikamwambia, "Nenda ukawaambie Pasta anaandaa neno." Wala sikusema uongo. Nilikuwa mezani, Biblia iko wazi, ninaandika habari za Mudende.

Vijana, labda hamjui vizuri Mudende. Ilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Kongo, huku huku upande wa Gisenyi. Watu wetu walikuwa wamekimbia vita vya Kivu ya Kaskazini, wakadhani wamepona. Lakini mwaka 1997 kambi ile ilishambuliwa mara mbili, mwezi wa Agosti na tena mwezi wa Desemba. Mamia ya watu waliuawa usiku. Waliobaki walihamishiwa Gihembe, upande wa Byumba. Katika kanisa letu yuko mama mzee mmoja aliyepona usiku ule wa Desemba. Sitamtaja jina, nitamwita Koko kama watoto wetu wanavyomwita. Alikaa Gihembe miaka mingi, kisha akaja huku kuishi na binti yake. Habari zake ndizo nilizokuwa ninaziandika asubuhi ile.

Saa tatu nikasikia jembe linagonga jiwe. Mnaoishi hapa mnaijua sauti hiyo, maana ardhi yetu imejaa mawe ya volkano. Nikaangalia dirishani. Alikuwa ni Koko. Amepita miaka sabini, umuganda haumlazimishi hata kidogo. Alikuwa amekwisha kumaliza sehemu ya binti yake, sasa ameingia kwenye sehemu yangu.

Je, mchungaji wenu alifanya nini? Alishika kalamu akaandika, "Tazameni wazee wetu, hata leo mgongo wao haujui kuchoka." Nilifurahia sana sentensi hiyo. Nikaisoma mara mbili.

Saa nne Koko alikaa chini, akajishika kiuno, kisha akaenda nyumbani. Zilibaki hatua nne zenye udongo, mifuko na majani. Nikasema moyoni, nitamalizia jioni. Jioni wakaja wageni. Jumapili nilihubiri juu ya wazee wetu, watu wakalia, wakasema amina kwa nguvu. Koko alikaa benchi la pili, anaangalia mikono yake.

Jumanne usiku mvua ilinyesha. Maji yakaja na nguvu zake hadi kwenye zile hatua nne, yakakosa njia, yakageuka. Hayakuingia kwangu. Yaliingia kwa jirani yangu, mama mwenye mtoto wa wiki tatu, ambaye mume wake yuko mbali. Tuliamshwa na kilio chake. Godoro lilikuwa linaelea. Unga wa kula wiki mbili uligeuka tope. Mtoto alishikwa na kifua, ikabidi apelekwe kituo cha afya usiku ule ule. Namshukuru Mungu amepona. Lakini nilipokuwa nimembeba katika mvua, nilijua kwamba hatua nne zile ni zangu.

Asubuhi, mbele ya watu wote, nilichukua jembe. Koko akafika na uji wa yule mama mzazi. Akasimama karibu nami, akasema:

"Pasta, Jumapili ulisema mimi ni shujaa."

"Ndiyo, Koko."

"Asante. Lakini shujaa naye ana mgongo. Wangu uliniuma Jumamosi, wewe ukiwa dirishani."

Kumbe aliniona.

Nilimwomba msamaha, naye akanisamehe. Ndipo nikamwuliza ni nguvu gani ilimtoa Mudende usiku ule na watoto wawili. Alifikiri kidogo, akajibu, "Mwanangu, mimi sikuwa na nguvu yoyote. Kulikuwa na kazi. Mdogo alilia, nikambeba. Mkubwa alishindwa kutembea, nikamvuta mkono. Kulipokucha hatukuwa na maji, nikaenda kuyatafuta. Ninyi ndio mnaoita ushujaa."

Wapendwa, nilisoma chuo cha Biblia, nikafundishwa kutunga mahubiri, lakini mahubiri hayo ya Koko sikuyapata darasani.

Ushujaa wa wazee ulikuwa kazi gani?

Sisi tunapenda sana habari za wazee. Tukiota moto jioni tunasema, "Watu wa zamani walikuwa chuma!" Vijana nao wanatikisa kichwa, wanasema, "Kweli, sisi hatuwezi." Halafu kila mmoja analala, na asubuhi mzee yule yule ndiye anayefagia uwanja.

Hebu tuangalie wazee walifanya nini hasa. Mji huu wa Gisenyi ulikuwa uwanja wa vita zamani sana, kabla ya baba zetu. Kuanzia mwaka 1914 Wajerumani waliokuwa upande huu na Wabelgiji waliokuwa upande wa Kongo walipigana hapa mpakani. Mwaka 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji lilivuka, likaingia Kigali mwezi wa Mei, likafika Tabora mwezi wa Septemba. Vitabu vimeandika jina la jenerali Tombeur. Lakini nani aliyefikisha chakula na risasi kutoka Kivu hadi Tabora? Walikuwa wapagazi, maelfu na maelfu, na mizigo juu ya vichwa vyao. Wengi wao walilazimishwa, na hilo silisifu. Nasema tu kwamba ukiichunguza vita yoyote, chini yake utakuta watu wanaobeba, wanaochimba, wanaopika na wanaochota maji.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wazazi wetu mwaka 1996, tulipotoka Masisi na Rutshuru. Nilikuwa kijana mdogo. Ninakumbuka baba yangu anakata matawi ya kujenga kibanda, na mama anachagua mawe matatu ya jiko. Sikumsikia hata mmoja wao akitamka neno ushujaa. Tulifika jioni, na kabla ya giza mama alikuwa amefagia mahali pa kulala kwa tawi la mti.

Basi nikisema ninawaheshimu wazee hao, lakini ufagio unanishinda, ninaheshimu kitu gani?

Orodha ya Nehemia

Fungueni Nehemia sura ya 3. Wengi wetu tunairuka sura hii kwa sababu ni majina matupu. Isomeni polepole. Watu wamerudi kutoka uhamishoni, mji wao umebomoka, adui wako pembeni. Nehemia hakutunga wimbo wa kuwasifu mababa waliojenga ukuta wa kwanza. Aligawa kazi, kisha akaandika nani alijenga wapi. Naomba muone watu wanne katika orodha hiyo.

Kwanza, yuko Malkiya, mstari wa 14. Alikuwa mkuu wa wilaya nzima. Alipewa lango gani? Lango la Jaa, mahali uchafu wa mji ulipopitia. Kiongozi mkubwa, na hakusema, "Nitumeni kwenye lango zuri." Aliweka milango yake na makomeo yake.

Pili, yuko Shalumu, mstari wa 12. Naye ni mtawala, na alifanya kazi pamoja na binti zake. Baba na mabinti, ukuta mmoja, udongo mmoja.

Tatu, wako makuhani na wengine, mstari wa 28 hadi 30. Imeandikwa juu yao kwamba kila mtu alijenga mbele ya nyumba yake. Hawakutumwa mbali. Kazi ya Mungu ilianzia mlangoni.

Nne, wako watu wa Tekoa, mstari wa 5. Hapa moyo wangu uliuma. Watu wa kawaida wa Tekoa walijenga, lakini wakuu wao walikataa kuinama na kubeba. Sasa nendeni mstari wa 27. Watu wale wale wa Tekoa wanaonekana tena, wanajenga sehemu ya pili! Nehemia hasemi kwa nini. Lakini mimi nilipousoma mstari huo, nilimwona Koko akiingia kwenye mfereji wangu. Mkubwa akikataa kuinama, kazi haipotei hewani. Humwangukia yule ambaye amekwisha kuchoka.

Visingizio vyetu

Ninajua mtanijibu. Najua kwa sababu majibu yote hayo nimeyatumia mimi mwenyewe.

Wa kwanza anasema, "Pasta, hapa si kwetu. Kwa nini nipande maua na kuchimba mifereji katika uwanja wa watu? Kesho tunarudi nyumbani." Ndugu yangu, hamu ya kurudi ni nzuri, mimi pia ninayo. Lakini hesabu miaka. Kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Watoto waliozaliwa huko siku za kwanza sasa ni wazazi. Sisi tuliopitia Nkamira mwaka 2012 tulisema, "Ni miezi mitatu." Nabii Yeremia, sura ya 29, aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli. Aliwaagiza wajenge, walime, waoe, na wautafutie mema mji ule waliokuwamo, ingawa haukuwa mji wao. Mtu anayefagia uwanja wa ugenini hajasahau kwao. Anawafundisha watoto wake jinsi watakavyotunza kwao watakapofika.

Wa pili anasema, "Kufagia ni kazi ya wanawake na watoto." Baba, nisamehe, lakini hapo tumejificha nyuma ya mila. Usiku wa kukimbia, nani kati yetu aliuliza ni kazi ya nani? Niliwaona wanaume wamebeba sufuria kichwani na mtoto mgongoni, wala hakuna aliyewacheka. Je, ni heshima gani hii inayokuja wakati wa amani tu? Bwana wetu alijifunga kitaulo akaosha miguu ya wanafunzi, Yohana 13. Kazi ile ilikuwa ya mtumishi wa nyumba, na Petro aliona aibu kwa niaba yake. Yesu hakuona aibu.

Wa tatu anasema, "Tunangoja shirika au serikali ilete watu wa kufanya." Tunashukuru sana kwa msaada, wala tusidharau. Lakini mvua ya Jumanne haikungoja mkutano.

Wa nne ndiye mimi. Anasema, "Nina kazi kubwa zaidi, ninaandaa neno." Chuoni tulikuwa tunafyeka majani kila asubuhi kabla ya darasa. Nilikuwa hodari wa kutafuta sababu: leo nina mtihani, kesho kichwa kinauma. Wenzangu walifyeka sehemu yangu miaka mitatu. Kumbe dhambi hiyo nilihitimu nayo, nikaja nayo hadi hapa. Katika Mathayo 21 Yesu alieleza juu ya wana wawili ambao baba yao aliwaita wakafanye kazi shambani. Mmoja alijibu vizuri sana kwa mdomo, asiende. Mwingine alikataa, kisha akajuta akaenda. Tunajua ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba. Neno tamu la kuwasifu wazee ni jibu la yule wa kwanza.

Lakini naomba nisieleweke vibaya. Wako kati yetu watu ambao vita iliwavunja mgongo, na wengine iliwavunja moyo hata kuinuka kitandani ni mlima. Ninyi siwasemi. Ninyi mlio wagonjwa, mlio na ujauzito, mlioelemewa na huzuni, kaeni, sisi tutafanya sehemu yenu. Ninawasema wenye afya, wenye mikono miwili, tukianzia na mimi.

Ni kazi ndogo, lakini inaokoa

Mtu atasema, "Pasta, unatuletea Biblia nzima kwa ajili ya mfereji!" Ngoja nikukumbushe mambo mawili.

Mwezi wa Julai 1994, mwishoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka hapa Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache. Maji safi hayakuwepo, na mawe ya volkano yalikuwa magumu mno kuchimba vyoo. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Si kwa risasi. Ni maji machafu na uchafu.

Tena usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha katika majimbo haya. Mto Sebeya ulifurika hapa hapa Rubavu, nyumba zikaenda, na katika nchi watu zaidi ya 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Sisemi jembe langu lingeuzuia Sebeya. Mafuriko makubwa ni mambo ya Mungu na ya wahandisi. Lakini maji yaliyoingia kwa jirani yangu hayakuwa Sebeya. Yalikuwa maji ya hatua nne.

Vijana wangu, ninyi mnaniambia mara nyingi, "Pasta, wazee walipata nafasi ya kuonyesha uanaume wao, sisi hatuna." Msiombe vita. Waulizeni wazee kama wanawatakia vita; watalia. Nafasi yenu iko nje ya mlango. Yule mtoto wa wiki tatu alihitaji mtu shujaa Jumamosi saa tatu asubuhi, na shujaa aliyepatikana alikuwa na miaka zaidi ya sabini.

Basi tufanye nini?

Sitaki tumalize kwa kusema amina tu. Naomba mambo matatu.

Moja: kila nyumba iangalie mbele ya mlango wake wiki hii. Maji yaliyotuama, majani, mifuko, choo kisicho na kifuniko. Usianze kwa jirani.

Mbili: kila kijana mwenye afya achague mzee mmoja, amwambie, "Uwanja wako ni wangu." Ukimwona mzee ameshika jembe usimpige picha na simu, usimsifu. Mpokee jembe mkononi. Ukimaliza, kaa naye, umwombe akueleze habari za zamani. Utazisikia vizuri zaidi ukiwa na jasho.

Tatu: sisi viongozi wa kanisa, wachungaji, wazee wa kanisa na mashemasi, tupewe Lango la Jaa. Nimekwisha kuongea na mashemasi. Choo cha kanisa na mfereji wa nyuma ni zamu yetu sisi, kila Ijumaa. Mkituona hatupo, mtuulize mbele ya watu.

Na sehemu ya Koko ni yangu tangu sasa. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema, "Tutaona, Pasta." Jumamosi iliyofuata nilifika kwake saa moja na nusu. Alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha uji, amenyoosha miguu. Hakusema kitu. Alinionyesha kwa kidole mahali nilipoacha majani.

Tuombe. Ee Baba yetu, tunakushukuru kwa wazee uliowavusha usiku mwingi. Utusamehe sisi tuliowaheshimu kwa mdomo na kuwaachia mzigo. Utupe mikono ya watu wa Tekoa, na utufundishe kuinama. Umlinde mtoto wa jirani yetu na watoto wote wanaolala chini ya mabati na shitingi mvua inaponyesha. Katika jina la Yesu Kristo, amina.

Mungu awabariki. Tuonane Jumapili, na kabla ya hapo, tuonane kwenye mfereji.

Ni mimi mtumishi wenu katika Bwana,
Mchungaji